Nimepata cheti cha kidato cha nne nikiwa na miaka 34. Nisomee nini?

Swali: Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Morogoro. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili mwaka 2006 kwa sababu ya ujauzito. Nikiwa mtu mzima nilifanya mtihani wa QT, kisha mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea. Nimepata Daraja la Nne, pointi 26: Kiswahili B, Uraia C, Historia, Jiografia, Biolojia na Kiingereza D, Hisabati F. Nashona nguo tangu 2011, nina fremu sokoni na wasichana wawili ninaowafundisha kazi. Dada yangu anasema nisomee unesi kwa kuwa nesi hakosi kazi. Mume wangu anasema maendeleo ya jamii. Mimi napenda kufundisha, ila nimeambiwa kwa daraja langu ualimu hauwezekani, na kwamba namba ya mtihani inayoanza na P inadharauliwa kazini. Nimechanganyikiwa. Nishauri.

Jibu:

Hongera sana, dada. Naanza na hongera kwa sababu najua ulikotoka. Mwaka ule wa 2006 msichana aliyepata ujauzito alifukuzwa na habari yake ikaishia hapo. Ruhusa ya kurudi katika shule ya kawaida ilitangazwa Novemba 2021, wewe ukiwa tayari mama na fundi. Umerudi mwenyewe, kwa fedha yako, ukisoma usiku baada ya kufunga fremu. Kwa hiyo ushauri nitakaokupa haukuchukulii kama binti wa miaka 17 aliyemaliza shule jana. Yeye ana muda mwingi na hana kazi mkononi. Wewe una muda mchache, watoto wawili, na kazi unayoijua vizuri. Hapo ndipo hesabu yako inapotofautiana na yake.

Kwanza tuitoe hofu ya herufi P. Shule huandikwa kwa S na vituo vya watahiniwa wa kujitegemea kwa P, basi. Mtihani ni uleule wa Baraza la Mitihani (NECTA), unafanyika Novemba ileile, unasahihishwa kwa viwango vilevile, na cheti ni cha elimu ya sekondari kama cha mwingine yeyote. Mwongozo wa udahili wa NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi na vya kati, unauliza una ufaulu wa masomo mangapi na yapi. Haukuulizi ulikaa kwenye dawati gani. Jambo la kuangalia ni jingine: usichanganye QT na kidato cha nne. QT, yaani Mtihani wa Maarifa, ilikupa sifa ya kukalia mtihani wa kidato cha nne tu. Wapo wanaoishia hapo wakidhani wamemaliza, wakaenda nayo chuoni wakarudishwa. Wewe umevuka. Unapoomba chuo au kazi, weka mbele cheti cha kidato cha nne.

Sasa tusome matokeo yako kama ofisa udahili anavyoyasoma. Haanzii kwenye daraja. Anahesabu masomo yasiyo ya dini uliyopata D au zaidi, na wewe unayo sita. Kozi nyingi za astashahada na stashahada zinataka manne. Kwa hiyo ustawi wa jamii, maendeleo ya jamii, utunzaji wa kumbukumbu, uhazili, ununuzi na ugavi, utawala wa serikali za mitaa, zote hizo ziko wazi kwako kwa sehemu kubwa, ingawa F ya Hisabati itakusumbua kwenye kozi zenye hesabu nyingi. Usijione umefeli kwa sababu ya neno "Daraja la Nne". Lakini kuruhusiwa kusoma kozi hakumaanishi kozi hiyo inakufaa, na hapa ndipo watu wazima wengi wanapopoteza fedha. Anaambiwa "unazo sifa", anafurahi, analipa ada, na hajajiuliza akimaliza ataajiriwa na nani.

Unesi. Namheshimu dada yako, anakutakia mema, ila kwa matokeo haya haiwezekani mwaka huu wala mwaka kesho. Uuguzi na ukunga unataka ufaulu wa masomo manne yakiwemo Biolojia, Kemia na Fizikia. Wewe una Biolojia tu. Utatakiwa kujisajili upya kwa Kemia na Fizikia, utafute kituo chenye maabara kwa sababu masomo hayo yana vitendo, na uyasome karibu kutoka sifuri kwa sababu hukuyafanyia mtihani. Tuseme kila kitu kimekwenda sawa: unafanya mtihani ukiwa na miaka 35, matokeo yanatoka Januari, unaingia chuo ukiwa na 36, stashahada ni miaka mitatu, unatoka na 39, halafu usajili na leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Miaka yote hiyo mitatu ya chuo fremu imefungwa, kwa sababu mafunzo ya wodini hayakuachii siku nzima ya kushona. Na ile kauli kwamba nesi hakosi kazi ilikuwa kweli zamani. Siku hizi wahitimu wa afya ni wengi mtaani wakisubiri kibali cha ajira. Kama ungeniandikia kwamba unesi ndiyo ndoto yako tangu utotoni, ningekusaidia kupanga miaka hiyo mitano. Hukuandika hivyo. Uliandika kwamba dada yako ndiye anayeutaka.

Maendeleo ya jamii ni kozi nzuri na inamhitaji mtu kama wewe, anayejua maisha ya mama wa sokoni. Tatizo lake ni kwamba ni kimbilio. Kila mwenye D nne asiyejua aende wapi anaishia humo, na ajira zake kwa kiasi kikubwa zinategemea halmashauri na mashirika yenye miradi. Ukiisoma, utakuwa mmoja kati ya wengi wenye cheti kilekile, wengi wao wakiwa na umri mdogo kuliko wako na bila mtoto wa kulipia ada. Na ile miaka yako ya cherehani haitahesabika popote kwenye maombi yako. Hilo ndilo linaloniuma.

Ualimu wa shule ya msingi, ulivyoambiwa ni kweli. Vyuo vya ualimu vinataka Daraja la Kwanza hadi la Tatu, na Daraja la Tatu linaishia pointi 25. Umekosa kwa pointi moja. Naelewa inavyochoma. Ila usikimbilie kurudia somo moja ukidhani utapanda daraja: daraja huhesabiwa kwa masomo saba ya mtihani uliokaa, na D yako ya Biolojia ikiwa C mwaka kesho haibadilishi kilichoandikwa kwenye cheti cha kwanza. Ungelazimika kukalia yote upya. Na hata ungefanikiwa, tazama msongamano: mwanzoni mwa 2025 serikali ilipotangaza nafasi 14,648 za ualimu, walioomba walizidi 200,000. Sikukatishi tamaa ya kufundisha. Nakuonyesha kwamba foleni hiyo ni ndefu na kuna nyingine fupi ambayo hujaiona, nayo iko mjini kwako.

Pale Kihonda, Morogoro, kuna Chuo cha Ualimu wa Ufundi Stadi, ambacho ndicho kinachoandaa walimu wa VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, na vyuo vingine vya ufundi. Mwalimu wa ufundi hatafutwi kwa Daraja la Tatu. Anatafutwa kwa vitu viwili vikiwa pamoja: cheti cha kidato cha nne chenye ufaulu, na ufundi wenyewe uliothibitishwa hadi ngazi ya juu, yaani ngazi ya tatu ya ufundi stadi au iliyo sawa nayo. Fikiria ni watu wangapi wanavyo vyote viwili. Mafundi cherehani hodari wa nchi hii, wale wanaokata suti kwa kuangalia mwili tu, wengi wao hawana kidato cha nne. Vijana wenye kidato cha nne, wengi hawajui kuweka kola. Wewe unacho cheti, na mkono unao. Kinachokosekana ni karatasi inayosema mkono wako unajua.

Na mahitaji yanaongezeka. Serikali imekuwa ikijenga vyuo vya VETA katika wilaya 64 ambazo hazikuwa navyo, pamoja na cha mkoa wa Songwe. Sera ya Elimu ya 2014, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari, ambapo mwanafunzi anasoma fani ya mikono pamoja na masomo ya kawaida. Kuna pia vyuo 54 vya maendeleo ya wananchi, kimoja kikiwa Bigwa hapo kwenu. Kote huko ushonaji ni miongoni mwa fani zinazofundishwa, na kote huko anahitajika mtu anayeweza kusimama mbele ya wanafunzi akawaonyesha namna ya kutia mkono wa shati bila kukunjamana begani. Siahidi kwamba utaajiriwa. Hakuna anayeweza kukuahidi. Lakini washindani wako ni wachache, na miaka yako sokoni ni sifa.

Unaanzaje? Nenda VETA Kihonda uulize kuhusu urasimishaji wa ujuzi. Huo ni utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunza kazi nje ya chuo na kumpa cheti. Watakujazisha fomu ya kueleza kazi unazofanya, watakuhoji, kisha watakupima kwa vitendo. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimeona mafundi wazuri wakikwama mahali pamoja. Mfundishaji wa VETA hatashangazwa na gauni lako la kitenge likiwa limekaa vizuri. Atakupa vipimo na karatasi akwambie uchore pateni. Fundi wa sokoni anakata moja kwa moja kwenye kitambaa kwa chaki na uzoefu, na nguo inatoka safi, lakini akiulizwa kwa nini ameongeza sentimita mbili kwenye pindo au amepunguza kiunoni, anasema "nimezoea tu". Mpimaji atakuuliza pia majina ya sehemu za cherehani, aina za vitambaa na moto wa pasi unaofaa kila kimoja, na usalama wa karakana. Kazi unaijua, maelezo ya kazi ndiyo utakayojifunza. Kabla ya kwenda, kaa jioni chache na wale wasichana wako wawili, kata shati kwa karatasi kwanza, na kila hatua waeleze sababu yake kwa sauti. Utakuwa unajiandaa kupimwa na kujiandaa kuwa mwalimu kwa wakati mmoja.

Upimaji utakuweka kwenye ngazi kadiri ya ulichoonyesha. Usitarajie kuruka moja kwa moja hadi ya tatu. Pengine utaanzia ya kwanza au ya pili, kisha utajaza mapengo na kupanda. Uliza chuo kama kuna masomo ya jioni au ya uanagenzi, ambayo sehemu ya mafunzo hufanyika kazini, ili fremu isifungwe. Kwa makadirio yangu, ukienda kwa utulivu, miaka miwili hadi mitatu inakufikisha ngazi ya tatu ukiwa bado unashona, halafu ndipo uingie ualimu wa ufundi. Hapo utakuwa na miaka 36 au 37.

Umri huo una maana kubwa kuliko watu wanavyodhani. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma kwa kawaida huweka ukomo wa miaka 45 kwa asiyekuwa tayari mtumishi. Una nafasi. Kuhusu pensheni, ya kila mwezi inahitaji uchangie angalau miezi 180, yaani miaka 15, na kustaafu kwa lazima ni miaka 60. Ukiingia kazini na miaka 40 unatimiza na unabakiza. Njia ya unesi nayo ingeweza kukufikisha huko, siwezi kusema uongo, ila ungefika na 39 ukiwa umepoteza wateja wako wote njiani na ndipo unaanza kusubiri ajira. Kwa njia hii, hata ajira ya serikali isipopatikana, unabaki fundi mwenye cheti, na cheti hicho kinafungua mambo mengine ambayo fundi wa kawaida hayapati.

Mfano ni zabuni. Ununuzi wa umma umetenga asilimia 30 kwa makundi maalumu, wakiwemo wanawake, na zabuni hizo zinapitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Sare za wanafunzi, mashuka ya hospitali, nguo za kazi za wahudumu, yote hayo kuna mtu anayashona. Kikundi cha wanawake kilichosajiliwa, chenye fundi aliyethibitishwa, kinaweza kuomba. Na kuna mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Inatolewa kwa vikundi, hivyo anza kwa ofisa maendeleo ya jamii wa kata yako. Ushauri wangu mmoja tu hapo: usikope ili kulipa ada. Kopa kwa ajili ya mashine ya ovaloki au cherehani ya umeme, kitu kinachorudisha fedha kila wiki, na ada itoke kwenye faida.

Kama utafika kwenye stashahada, Bodi ya Mikopo imekuwa ikikopesha baadhi ya wanafunzi wa stashahada tangu mwaka wa masomo 2023/24, kwa fani za kipaumbele. Soma mwongozo wa mwaka husika kabla ya kuweka matumaini, kwa sababu una masharti, likiwemo la mwaka uliomaliza mtihani. Kwa hiyo usikae na cheti kabatini muda mrefu ukitafakari.

Utajiuliza kama shahada imekupita. Haijapita. Mwenye stashahada yenye wastani wa alama 3.0 na ufaulu wa masomo manne ya kidato cha nne anaweza kuomba chuo kikuu, na Chuo Kikuu Huria kilianzishwa hasa kwa ajili ya watu wanaosoma huku wakifanya kazi. Kidato cha tano na sita, hata kama binafsi, singekushauri. Inahitaji C tatu na wewe una mbili za kiwango hicho au zaidi, yaani B ya Kiswahili na C ya Uraia. Na isitoshe, ukimaliza utakuwa bado huna fani.

Kiingereza chako usikiache kwenye D. Vitabu vya kiada vya vyuo vingi viko kwa Kiingereza, na mtihani wa chuo utakuuma pale unapojua jibu lakini huelewi swali. Tafuta mtu wa kukufundisha saa chache kwa wiki kuanzia sasa. Hisabati vilevile, angalau sehemu, vipimo na asilimia. Unazitumia kila siku ukigawa mita tatu za kitambaa, ila hujazoea kuziandika.

Ukipata chuo chochote, iwe hiki ninachokwambia au kingine ukiamua tofauti, usilipe hata shilingi kabla ya kuthibitisha mambo mawili kwa NACTVET: kwamba chuo kimesajiliwa, na kwamba kozi ile yenyewe imeidhinishwa. Chuo kinaweza kuwa na usajili halali lakini kikafundisha kozi isiyo na kibali, na mwanafunzi akagundua siku ya kuhitimu kwamba jina lake halimo kwenye mfumo. Mwenye umri wako hawezi kumudu kupoteza miaka miwili namna hiyo. Mtu anayekutaka utume ada kwenye namba yake ya simu, achana naye.

La mwisho, na tafadhali lishughulikie kwanza kwa sababu linachukua muda. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha darasa la saba na hiki cha kidato cha nne, usome majina herufi kwa herufi. Wanawake waliorudi shule ukubwani mara nyingi wana jina la baba kwenye cheti kimoja na la mume kwenye kingine, au herufi moja imekosewa na karani miaka 20 iliyopita. Kama yanatofautiana, nenda kwa wakili au mahakamani uandae hati ya kiapo, na kama kosa liko NIDA au kwenye cheti cha kuzaliwa kinachotolewa na RITA, anza kuomba marekebisho huko. NECTA haibadilishi jina kwenye cheti kwa kuwa umeolewa, kwa hiyo nyaraka nyingine ndizo zitakazofuata jina la cheti. Ukimaliza hilo, toa nakala, zithibitishwe na wakili, uziweke kwenye bahasha moja, kisha nenda nazo Kihonda. Chukua na shati moja ulilolishona mwenyewe, lililopigwa pasi, ndani na nje pakiwa safi. Anayepima huanza kwa kuligeuza aone mishono ya ndani.